Siku Kumi na Tisa na Sindano Moja

Nilikwenda Mahenge kwa sababu ya doa. Wako wanaosema nilikwenda kutafuta kazi ya ukarani bomani, na wengine wanasema nilikuwa namkimbia binti wa jumbe. Hayo ni maneno ya Ifakara. Nilikuwa na doa kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, jeupejeupe, pana kama jani changa la mlenda, na nilitaka mtu aniambie ni doa la nini.

Aliyeliona kwanza ni tabibu msaidizi, mtu wa pwani, aliyepita kwetu kuchanja watu ndui. Nilikunja mkono wa kanzu ili anichanje. Akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akanyamaza. Mpaka hapo alikuwa hajanyamaza tangu asubuhi.

"Doa hili lina muda gani?"

"Sijui. Ni la nini?"

"Mimi nachanja ndui tu." Akachukua karatasi, akaandika mistari miwili, akaikunja. "Bwana Daktari atakuwa bomani Mahenge siku ya kumi na tisa kuanzia leo. Mpelekee cheti hiki."

"Kwa nini ya kumi na tisa? Ugonjwa unajua kuhesabu?"

"Bwana Daktari yuko safarini. Wewe ndiye mwalimu wa hapa?"

"Ndimi."

"Nilidhani hivyo," akasema, akamwita mtu mwingine.

Nilikuwa nimesoma shule ya serikali pwani mpaka mwisho wake, kisha nikarudishwa kwetu kufundisha watoto wa Ifakara kusoma na kuhesabu. Huko pwani nilijifunza kuuliza kila jambo sababu yake. Walimu wangu hawakukusudia nijifunze hilo, lakini ndilo lililobaki. Nilikuwa na sababu zangu za nyumbani pia. Baba yangu alikunywa maji ya vita, yale yaliyosemwa yangegeuza risasi kuwa matone, akaenda nayo na hakurudi. Tangu hapo mtu akiniambia jambo ni hakika, naanza kuangalia mlango uko wapi.

Kwetu kila mtu anajua kipimo cha ukoma: ngozi yenye ukoma haiumi. Na kila mtu anajua kinachofuata. Mwenye ukoma hafundishi watoto wa watu. Hujengewa kibanda ng'ambo ya mto, chakula huwekwa kwenye jiwe, na aliyekileta huondoka kabla hujafika.

Basi nikachukua sindano ya mama. Ilikuwa moja tu nyumbani, aliinunua dukani kwa Mhindi na kuichomeka kwenye mkeka juu ya kitanda chake. Nikajidunga kwenye doa. Ikauma. Nikafurahi kwa muda wa kunywa maji kikombe kimoja, kisha nikajiuliza: imeuma kama inavyouma mahali pengine? Nikadunga mahali pengine ili nilinganishe. Nikarudi kwenye doa. Kufika siku ya tano nilikuwa na daftari. Niliandika: asubuhi, inauma. Adhuhuri, inauma kidogo. Jioni, sina hakika. Mkono ulianza kuvimba, na ulipovimba ukaanza kufa ganzi kweli, nikaandika hilo pia, kwa mwandiko mbaya.

Watoto shuleni waliniuliza kwa nini najidunga. Nikawaambia ni hesabu.

Mama alivumilia mpaka siku ya kumi na moja. Asubuhi ile alikuta nimeshika sindano hata uso sijanawa, akatoka bila neno, akarudi na Likomba.

Niwaeleze Likomba ni nani, maana safari hii ni yake kama ilivyo yangu. Ni Mndamba, mvuvi, mwenye mtumbwi wake mwenyewe, na amenizidi umri kama miaka kumi. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Hatuamkiani shikamoo; tunatukanana. Mtani akiingia nyumbani kwako anaweza kuchukua kuku, jembe, hata kofia kichwani, nawe huruhusiwi kukasirika. Mtu akifa, watani ndio wanaokuja kumcheka maiti, kulala kwenye kaburi lake na kudai walipwe ndipo watoke, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao machoni. Wengine wote hawana ruhusa ya kusema yale anayoyasema mtani.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba utani ni upuuzi wa watu wasio na vitabu.

Likomba alisimama mlangoni akaniangalia kwa huzuni kubwa ya uongo. "Masikini," akasema. "Alikuwa kijana mzuri. Kichwa kikubwa, lakini mzuri."

"Bado niko hai," nikamwambia.

"Marehemu anaongea," akamwambia mama. "Hiyo ni dalili mbaya."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya cheti. Akasema, "Likomba, mpeleke Mahenge. Mimi nikilitaja hilo doa nitalia, na yeye akiniona nalia atajidunga zaidi. Wewe mwombolezee njiani, umalize msiba wote kabla hajafika."

Nikasema siku bado nane na mwendo ni wa siku nne. Likomba akasema maiti haicheleweshwi.

Siku ya kumi na mbili, jua likichomoza, tukatoka. Nilibeba cheti, daftari, mchele, samaki wakavu na kofia nyekundu niliyopewa shuleni pwani. Sindano niliichomeka kwenye ukosi wa kanzu. Likomba alibeba mkeka na upondo wake wa kusukumia mtumbwi, mti mrefu wenye weusi wa mikono. Kila tuliyepishana naye Likomba alimwambia, "Samahani, tupisheni, tuna maiti," akininyoshea kidole. Wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga waliweka chini michi yao wakapiga mayowe ya msiba, kisha wakatupatia ndizi. Nilitembea nikiangalia chini kama mtu aliyeibiwa.

Saa nne tulifika mtoni. Kilombero wakati wa kiangazi ni mpole, una mchanga katikati, na viboko wamelala kama mawe yaliyosahauliwa. Likomba akausukuma mtumbwi majini, mimi nikakaa mbele. Tulipofika katikati ya mto nikatoa sindano, maana nilikuwa sijajipima tangu nyumbani.

"Mtani," Likomba akaita nyuma yangu. "Hiyo sindano nzuri."

"Ni ya mama."

"Nipe."

Niligeuka kumwangalia. Alikuwa amesimama na upondo mkono mmoja, mkono wa pili umefunguliwa kiganja juu. Uso haukuwa na kicheko, lakini uso wa mtani hauaminiki.

"Ninaihitaji."

"Marehemu hahitaji kushona. Nipe. Au unataka watu wajue umemnyima mtani?"

Nilijua sheria. Nikampa. Akaichomeka kwenye nguo yake kiunoni, akaendelea kusukuma mtumbwi na kuimba wimbo juu ya kichwa changu na ukubwa wake. Nilikaa nikihesabu makosa ya desturi hii: haina sababu, haina mpaka, humpa mtu haki bila kumpa wajibu. Sikujiuliza mvuvi anataka sindano ya nini.

Mchana tuliingia mbugani. Ni nchi tambarare, nyasi zinafika kifuani, na sheshe, wale swala wa mbugani, walituangalia kwa makundi bila kukimbia. Nilikuwa nimeanza kuokota miiba. Miiba ya migunga ni mirefu na mikali, inafaa. Likomba aliona wa kwanza akauchukua, akaona wa pili akauchukua. Wa tatu nikauficha ndani ya kofia, akaichukua kofia, akaivaa. Ilimkaa vizuri kuliko mimi.

"Sasa utajipimaje?" akauliza.

"Nitajifinya."

"Jifinye. Ukichoka nitakufinya mimi."

Jioni tulipita mahali palipokuwa kijiji. Nilikumbuka hapo palikuwa na nyumba, na kwamba niliwahi kupewa muwa hapo nilipokuwa mdogo. Sasa palikuwa na mibono iliyojiotea na vigae vya vyungu vyeusi. Vita viliunguza nyumba, njaa iliyofuata ikawachukua watu. Likomba aliacha kuimba. Akavua kofia yangu, akaishika mkononi mpaka tulipopita, kisha akaivaa tena na kusema nina miguu ya bata.

Usiku ule tulilala kwa wavuvi kando ya kidimbwi, na mwingine kwenye kibanda cha kulindia mpunga. Asubuhi zote mbili niliamka nikakuta Likomba hayupo. Alikuwa amekaa kichakani, mgongo huku, akachelewa sana kurudi. Nilipomuuliza akasema anafanya mambo ya watu wazima. Nikaandika kwenye daftari kwamba wavuvi ni wavivu asubuhi. Niliandika mambo mengi kwenye daftari lile.

Siku ya tatu saa kumi alasiri tulifika Lupiro, kwa shangazi yake mama, ambaye namwita Bibi. Likomba alisimama uani akapaza sauti: "Hodi! Nimeleta maiti, na inasema ina njaa!"

"Iingie," Bibi akajibu kutoka jikoni. "Inakula samaki kitoga?"

Bibi ni mwanamke mfupi mwenye meno yote. Nilimwamkia, akapokea shikamoo yangu, akauangalia mkono wangu bila kuushika, kisha akaendelea kukoroga. Tulikaa kuzunguka jiko lake la mafiga. Nilikuwa na hamu ya kuuliza jambo, na kwa kuwa nina hamu ya kuuliza kila wakati, nikauliza.

"Bibi, wakati wa vita wewe ulikunywa yale maji?"

"Nilikunywa."

"Uliamini?"

"Nilitembea tangu alfajiri mpaka alipokaa yule mwenye dawa. Nilikuwa na kiu."

"Hukuuliza yametengenezwa kwa nini? Hukuuliza nani ameyajaribu?"

Bibi akaonja mchuzi. "Mjukuu wangu, kodi ilikuwa inakuja, akida anakuja, pamba ya Wajerumani inatungojea shambani, na sisi kila siku tunangoja litakalofuata. Akaja mtu akasema, kunyweni, mmalize kungoja. Ungeuliza wewe?"

"Ningeuliza."

"Basi tungekuwa bado kwenye mstari nyuma yako mpaka leo."

Likomba alicheka mpaka akajinyosha chali. Alisema yeye pia alikunywa, akiwa kijana wa upondo, na alivusha watu wengi na vibuyu vya maji hayo. "Dawa ilikuwa ya kweli," akasema. "Risasi zilikuwa zinageuka maji. Yangu tu ndiyo ilikuwa bado haijayeyuka vizuri." Akaonyesha kovu nyuma ya goti la kulia, refu, lililokunjamana. Sikuwahi kuliona, maana mvuvi huwa amesimama majini.

Alikuwa bado anacheka, mguu wake wa kulia umenyoshwa kuelekea mafiga, Bibi aliposema kwa sauti ndogo, "Wewe. Mguu wako uko kwenye moto."

Kaa la moto lilikuwa limeangukia ukingo wa wayo wake. Lilikuwa likitoa moshi. Likomba aliangalia, akalisukuma kwa kijiti, akasema, "Mguu wa mvuvi ni gome la mti, Bibi. Unaweza kuutolea kuni."

Mimi, niliyesoma mpaka mwisho wa shule ya serikali, niliyekuwa na daftari lenye kurasa tisa za maumivu, niliona kaa lile kwa macho yangu nikajiambia: kweli, wavuvi wana nyayo ngumu. Bibi alimwongezea Likomba samaki.

Siku ya nne na ya tano tulipanda milima. Njia inazunguka kama nyoka aliyeshiba, hewa inapoa, ukungu unakaa kwenye migomba. Likomba alijikwaa mara nyingi akasema milima ni ya watu walionyimwa mto. Kila nyumba tuliyoomba maji alitangaza msiba wangu. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mzinga wa nyuki akauliza marehemu alikufa kwa nini. "Kwa maswali," Likomba akajibu. Nilicheka. Nilicheka kabla sijajizuia, na nilipomaliza nikagundua sijaugusa mkono wangu tangu asubuhi, nao ulikuwa umepungua uvimbe.

Siku ya kumi na sita kuanzia cheti, saa tano, tulifika Mahenge. Boma ni kubwa, la mawe, na bendera ya Wajerumani juu. Nikaenda moja kwa moja kwa askari wa mlangoni, nikampa cheti. Akakishika juu chini.

"Siku yako ni ya kumi na tisa."

"Najua. Nimewahi."

"Hapa hakuna kuwahi."

Siku ya kumi na saba nilirudi. "Leo si siku yako," akasema. Siku ya kumi na nane niliuliza kama daktari ameshafika. Ameshafika. Naweza kumwona? Hapana. Kwa nini? Si siku yangu. Nikamuuliza doa langu litabadilika nini kati ya leo na kesho. Akaniambia kama nina swali lingine atanitafutia jembe. Likomba alikuwa amekaa kando, ameegemea ukuta, kofia yangu kichwani, akiwaambia wagonjwa wengine kwamba maiti za siku hizi hazina subira.

Wagonjwa walikuwa wengi: mama mwenye mtoto wa homa, wapagazi wawili wenye vidonda, mzee mwenye jicho. Wote walikuwa kimya kama watu wanaongojea hukumu. Likomba akawaombolezea wote. Yule mzee wa jicho, Likomba alimpangia mazishi upande mmoja tu, upande anaouona. Kufika alasiri ukuta mzima ulikuwa ukicheka, na yule askari alikuwa ameangalia pembeni akiuma mdomo.

Siku ya kumi na tisa niliamka mapema. Nilioga. Nilimwita Likomba, kumbe ameshaamka, amekaa nyuma ya kibanda tulichopangiwa, mgongo huku. Tukaenda. Daktari akachelewa mpaka saa sita, kwa kuwa nyumbu anayepandwa na bwana mkubwa alikuwa amevimba tumbo. Nilingoja nikifikiri jinsi mtu anavyoweza kutembea siku tano awe nyuma ya nyumbu.

Daktari ni mtu mwembamba mwenye ndevu za rangi ya majani makavu, na Kiswahili chake ni kifupi. Likomba aliruhusiwa kusimama mlangoni. Nilikaa kwenye kiti. Daktari akasoma cheti, akaushika mkono wangu, akauangalia. Kisha akafungua mtoto wa meza. Nikajiandaa. Nilijua itakuwa sindano ndefu, ya Kijerumani.

Akatoa unyoya wa kuku.

"Funga macho. Nikigusa, sema ndiyo."

Nikafunga macho. "Ndiyo."

"Sijagusa."

"Samahani, bwana." Kimya. "Ndiyo."

"Sijagusa."

Nilisikia Likomba akikohoa mlangoni. Nikashika pumzi. Kisha ukaja, mwepesi kama inzi anayejiuliza atue au asitue, katikati kabisa ya doa. "Ndiyo!" nikapiga kelele. Ukaja tena pembeni. "Ndiyo!" Tena. "Ndiyo! Ndiyo, bwana!"

"Basi, basi. Fungua macho." Akapangusa mikono. "Hii ni mba. Wengi wana mba. Utaoga na sabuni, utapaka dawa hii. Sasa." Akaugeuza mkono wangu, akaonyesha vitobo kuanzia kifundo cha mkono mpaka begani. "Hii ni kitu gani? Huu ugonjwa mimi sijui."

"Ni uchunguzi, bwana."

"Nani alichunguza?"

"Mimi."

Akaandika kitu, na naamini kilichoandikwa hakikuhusu ngozi. Nilisimama. Nilitaka kumkumbatia yeye, askari, hata nyumbu. Nikamgeukia Likomba nimwambie arudishe kofia, maiti imefufuka.

Likomba alikuwa ameshaingia. Alikuwa ameivua kofia, ameikunja mkononi. "Bwana Daktari," akasema, "samahani. Kuna marehemu wa pili." Akapandisha mguu wa kulia kwenye kiti nilichotoka.

Ukingo wa wayo ulikuwa na kidonda cha moto, cha siku kadhaa. Na kuanzia kidole kidogo mpaka kifundo ulikuwa na vitobo vya sindano, vingine vya zamani vimekauka, vingine vya asubuhi ile.

Daktari aliangalia mguu, akaangalia mkono wangu. "Nyinyi nyumba moja?"

"Ni watani," Likomba akasema, kama vile hilo lingemweleza Mjerumani lolote.

"Funga macho. Nikigusa, sema ndiyo."

Likomba akafunga macho, akatabasamu, akainua uso kidogo kama mtu anayesikiliza mto. Daktari akapitisha unyoya juu ya wayo. Akaupitisha pembeni. Akaupitisha kati ya vidole, polepole. Mimi nilisimama ukutani nikauona ukipita mara ya nne, ya tano, ya sita.

"Bwana," Likomba akasema, macho yamefungwa, bado anatabasamu. "Utaanza lini?"

Daktari alipima sehemu nyingine za mwili, mikono, masikio, mgongo. Kote huko Likomba alisema ndiyo. Daktari alikaa muda mrefu akibonyeza lile kovu nyuma ya goti. Mwishoni akasema kwamba huenda risasi iliua mshipa wa fahamu wa mguu, na kama ni hivyo mguu utabaki hivyo lakini mtu hana ukoma. Na huenda si risasi. Hawezi kujua leo. Arudi baada ya miezi mitatu, ataangalia kama ganzi imesambaa. Akaandika cheti, akampa.

Nilitaka kuuliza kwa nini mitatu. Sikuuliza.

Tukaanza kurudi siku ile ile. Likomba alitembea mbele akiwa kimya, amefunga mguu kwa kitambaa cha daktari, na kofia yangu hakuivaa tena; aliibeba. Tulipita kwa yule mzee wa mizinga, akauliza maiti yetu imeendeleaje. Likomba akainua mkono tu. Mzee akatuangalia tukiteremka, kazi yake mapajani.

Kwa siku nzima nilimfuata nikitafuta maneno ya kitabuni. Nilipata mengi. Nilikuwa na sababu kumi za kumfanya atumaini na zote zilikuwa nzuri, nami nilikumbuka kwamba mwenyewe nilikuwa nazo hizo hizo kwa siku kumi na moja na hazikunizuia kujidunga hata mara moja. Kilichonizuia kilikuwa mtu mmoja mwenye haki ya kuchukua sindano.

Tulipofika Lupiro, Likomba alitaka kupita bila kuingia. Nikamshika mkono, nikasimama katikati ya ua, nikapaza sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo: "Hodi, Bibi! Nimeleta maiti! Hii ya leo ni nzito, ina mguu wa gome!"

Kimya. Nilidhani nimekosea vibaya, nikatamani ardhi inimeze. Kisha Bibi akajibu kutoka jikoni, "Iweke mbali na moto! Juzi ilitaka kuniunguzia nyumba!"

Likomba aliniangalia. Midomo yake ilianza kutetemeka, sikujua upande gani itaangukia. Akacheka. Alicheka akakaa chini palepale uani, akafuta macho kwa kofia yangu.

"Unaomboleza vibaya," akaniambia. "Kama karani anayesoma barua ya kodi."

"Nina miezi mitatu ya kujifunza."

Tulipofika mtoni, akausukuma mtumbwi majini, tukaingia. Katikati, kwenye maji mazito, nikageuka. Alikuwa amesimama na upondo mkono mmoja, na wa pili ulikuwa unatafuta kiunoni.

"Mtani," nikasema. "Hiyo sindano nzuri."

Mkono ukasimama.

"Nipe."

"Ni ya mama yako," akasema. "Nitamrudishia mwenyewe."

"Marehemu hahitaji kushona. Au unataka watu wajue umemnyima mtani?"

Aliniangalia kwa hasira ya kweli, hasira ambayo hakuruhusiwa kuwa nayo, na wote wawili tulijua hakuruhusiwa. Akaitoa. Nilipoipokea nikaona imeanza kupinda. Nikaitupa mtoni. Haikutoa hata mlio.

Akausukuma mtumbwi mara tatu au nne. Kisha akasema, "Mama yako atakuua."

"Nitamwambia umeila wewe."

Mama hakutuua. Aliangalia mkono wangu, akaangalia mguu wa Likomba, akashona kanzu yangu kwa kuazima sindano ya jirani, na tangu siku ile sindano yoyote ndani ya nyumba yetu hukaa kwa jirani.

Walionisomesha pwani watauliza nimeleta faida gani kutoka Mahenge. Doa limekwisha kwa sabuni. Bado nauliza kila jambo sababu yake, isipokuwa nimeona kwamba jicho langu lilikuwa kwenye mkono wangu tu, na kaa la moto likaungua mbele yake. Utani sijui sababu yake bado. Ninaufanya.

Miezi mitatu haijaisha. Kila asubuhi kabla ya shule napita kwa Likomba, nasimama mlangoni, naita: "Marehemu! Mtumbwi wako naungoja. Umeshakufa?"

"Bado," hujibu toka ndani. "Rudi kesho."